Kufuli la Mochwari

Mzee wa mochwari alikuwa na jibu moja kwa kila aliyemhubiria ufufuo wa Yesu: "Miaka ishirini na sita napokea maiti. Hakuna hata mmoja aliyegonga mlango kutoka ndani. Leteni ushahidi, nyimbo nimeshasikia." Shemeji yake mchungaji alichoka kubishana naye. Kila jioni mzee alifunga jokofu, akatikisa kufuli mara mbili, akaenda zake.

Mkewe alipofariki alimpokea mwenyewe, akamfunga karatasi ya jina mguuni kama wengine. Hakulia. Alipiga deki, akanywa chai yake.

Siku ya tatu, ya mazishi, mimi mwenzake wa zamu nilimwomba ufunguo tumtoe.

"Wa nini?" akasema. "Sijafunga tangu alipoingia."