Magoti ya Waya

Mama mkwe wangu alinichukia tangu jioni niliyoingia kwake Kasokola na begi moja, na mimi sikukawia kumrudishia. Wanawake wakisimulia habari za wakwe zao siku hizi huishia kusema mwishowe walikaa wakalia pamoja, wakasameheana. Sisi hatukusameheana. Ilikuwa miaka ya tisini, nina mvi sasa, na bado nikikumbuka alivyolitamka neno "mkimbizi", polepole kama anayetoa mwiba wa samaki mdomoni, damu inanichemka.

Nilizaliwa kwenye makazi ya wakimbizi, kwa wazazi waliotoka Burundi. Mwanawe alinikuta huko akiuza chumvi, tukapendana, akanileta nyumbani bila posa wala kanisa. Baada ya miezi michache akaenda machimboni kutafuta dhahabu, nami nikabaki na mimba na mama yake. Kosa langu la kwanza lilikuwa salamu. Kwetu ukimsalimia mkubwa unainama kidogo, unatoa mkono wa kulia, na wa kushoto unashika kiwiko. Kwao mkamwana anapiga magoti chini, na akiwa na ndoo kichwani anaitua kwanza. Mimi niliinama. Yeye akayatazama magoti yangu, akasubiri, kisha akaingia ndani bila kuitikia. Angeniambia palepale ningepiga. Badala yake alikwenda kuwaambia majirani, na niliposikia kwa majirani niliapa kwamba magoti yangu hatayaona. Kuanzia hapo nikawa namsalimia nikiwa nimesimama, naye kila asubuhi ananipita bila kuitikia.

Bahati mbaya yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa. Mkatoliki yeyote anajua maana yake: mtoto habatizwi bila barua ya jumuiya, na barua haitoki bila mkono wa mwenyekiti. Binti yangu alikuwa na miezi minane na homa zisizokwisha. Mara mbili alikuwa amekakamaa mikononi mwangu, macho yamegeuka juu. Mama yangu mzazi alizika watoto wawili wasiobatizwa, na mpaka anakufa alikuwa akituuliza watakuwa wako wapi. Sikutaka kuzeeka na swali lile. Nilitaka mwanangu amwagiwe maji yale kabla homa nyingine haijaja.

"Barua nitaandika," aliniambia nilipomwomba. "Njoo Jumamosi kwenye jumuiya, upige magoti mbele za watu, uombe radhi."

"Radhi ya nini, mama?"

"Unajua mwenyewe."

Sikwenda.

Nilichokuwa nacho ni mikono. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na katika mabaki ya kazi yake nilijifunza kutengeneza midoli yenye mifupa ya waya, ambayo unaweza kuikalisha, kuisimamisha, kuiinua mkono. Waya wa breki haufai. Ukiukunja unarudi ulikotoka. Unaofaa ni ule laini wa kufungia nondo, ambao nilikuwa naununua sokoni Kashaulili. Unaukunja mara mbili, unausokota mpaka ukazane, unafanya mgongo, mabega, mikono, miguu. Juu yake unazungushia vipande vya nguo kuukuu mpaka mwili unene, halafu unavalisha ngozi ya soksi ndefu za kike za kahawia. Uso unautoa kwa sindano: unachoma, unavuta uzi kwa ndani, pua inainuka. Sehemu inayokatika kwanza ni goti, kwa sababu kila anayeshika mdoli huku Kasokola humpigisha magoti asalimie. Kwa hiyo magotini nilikuwa naongeza waya wa tatu na kuufunga kwa utepe wa mpira wa baiskeli.

Sista mmoja wa misheni alimwona binti yangu akitafuna mkono wa mdoli mmojawapo, akaniita. Sanamu za mbao za pango la Noeli zilikuwa zimeliwa na mchwa. Alitaka mpya, na alitaka zinazojikunja, kwa sababu alikuwa na mpango wake: Maria na Yosefu waanzie mlangoni mwa kanisa mwanzo wa Majilio, na kila Jumapili wasogezwe mbele, wakitembea, wakipumzika, mpaka wafike pangoni siku ya Noeli na wote wapige magoti. Nikamweleza habari ya barua. Akaenda kwa padre, na padre akamwita mama mkwe. Sijui walisemezana nini, ila alirudi amevimba mdomo, akaniambia barua nitaipata Noeli ikishapita.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenyamaza. Nilikuwa nimeshinda, kilichobaki ni kushona sanamu tisa na kusubiri. Nilizishona. Kisha nikashona ya kumi, ambayo hakuna aliyeniagiza.

Ilikuwa bibi mmoja wa kukaa na wachungaji. Nilimpa mdomo wa chini uliotokeza, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, na chunjua kidevuni. Kilemba chake nilikikata kwenye pindo la kitenge ambacho mama mkwe alikuwa amekitupa. Miguuni sikuweka waya laini. Niliweka spoku mbili za baiskeli, zimenyooka kutoka nyongani mpaka kwenye unyayo. Nilikuwa nacheka peke yangu nikishona, na sioni haya kusema kwamba ile ndiyo furaha kubwa niliyowahi kuipata katika nyumba ile.

Siku ya Noeli zamu ya kupanga pango ilikuwa ya jumuiya yetu. Kanisa limejaa, na katekista anazikunja sanamu moja moja. Maria akapiga magoti, Yosefu akapiga, wafalme wakapiga na mataji yao ya bati. Akamshika yule bibi. Akamkunja, hakukunjika. Akajaribu tena, akasukuma kwa kidole gumba.

"Huyo mnamlazimisha bure," mama mmoja akasema kutoka benchi la pili. "Hapigi goti hata kwa Mungu."

Kicheko kilianzia pale kikaenda mpaka mlangoni, kwa sababu kufikia hapo kila mtu alikuwa ameshaona chunjua. Mama mkwe akatoka mahali pake. Alimchukua mdoli kwa katekista, akamweka juu ya paja lake, akamkandamiza kwa mikono miwili. Soksi ikapasuka na ncha ya spoku ikatokeza. Akaitazama ile spoku muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Akamrudisha yule bibi pangoni, amesimama vilevile, akarudi kukaa.

Kicheko changu kiliisha pale pale. Nilikuwa nimembeba mwanangu mgongoni, nikasikia joto la mwili wake likipenya kitenge, na nikajua nimefanya nini. Kwa ajili ya chunjua moja nilikuwa nimemnyima mtoto ubatizo. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyomchukia yeye.

Kesho yake asubuhi aliniletea barua. Ilikuwa na mkono wake na muhuri. Niliisoma mara ya kwanza harakaharaka, mara ya pili nikafika kwenye mstari wa jina la mtoto. Mimi nilikuwa nimechagua jina la mama yangu. Yeye alikuwa ameandika la kwake.

"Wewe umechukua uso wangu, hukuniuliza," alisema. "Na mimi nimempa mtoto jina langu, sikuulizi. Hutaki, chana."

Sikuichana. Mtoto alikuwa anachemka. Nilimfunga mgongoni nikaenda misheni, naye akaja nyuma yangu hatua chache, na padre alipouliza tunampa mtoto huyu jina gani, kinywa kilichojibu kilikuwa changu. Kwao mkamwana hatamki jina la mama mkwe maisha yake yote. Mimi nililitamka mbele ya madhabahu, naye akisikia.

Homa ilishuka baada ya siku tatu. Nilichemsha maji, nikaweka beseni uani, nikapiga magoti kando yake nimwogeshe mtoto, kama mama yeyote anavyofanya kila siku bila kufikiri. Sikujua kwamba mama mkwe yuko mlangoni. Kwao mtoto aliyepewa jina la mtu ni mtu yule yule. Anaamkiwa kama yeye, na anayemchapa amemchapa yeye. Nilikuwa nimelisikia hilo kwa majirani, sikulitilia maanani.

"Marahaba," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniitikia. Nikageuka. Alikuwa anayatazama magoti yangu, na mtoto alikuwa na sabuni mwili mzima, anateleza, sikuweza hata kusimama.