Fundi wa Magitaa wa Kiponda Anayetafuta Kimya

Saa kumi na robo jioni. Sala ya alasiri imekwisha. Katika uchochoro mmoja wa Kiponda, Mji Mkongwe, Fundi Makungu Mjaka anaweka tupa yake juu ya meza ya kazi, anafungua kikopo cha bati, anatoa pamba, anaifinyanga vipande viwili na kuitia masikioni.

Hana maradhi ya masikio. Masikio hayo ndiyo chombo chake cha kwanza cha kazi, kabla ya tupa na kabla ya patasi, kwa kuwa hakuna kipimo kingine kitakachomwambia kama gitaa lililovunjika shingo limepona. Anayaziba kwa sababu amekwisha kusikia nyayo uchochoroni, na anazijua ni za nani.

"Huyo wa kwanza Himid, anaburura ndara," anasema bila ya kuinua kichwa. "Mkubwa yuko nyuma yake. Yeye huanza kusema kabla hajafika."

Ndivyo inavyokuwa. Himid, mstaafu wa bandarini, anatandika gazeti juu ya baraza ya mawe iliyo nje ya mlango wa fundi na kuketi. Mkubwa, fundi umeme, anatokeza konani huku akieleza kwa sauti ya juu kwamba hoja aliyoitoa mwenzake jana haina mashiko. Anakumbuka kuwa hajasalimia, anatoa salamu, anapokea jibu, kisha anaendelea pale pale alipoachia.

Hoja yenyewe ni hii: nani mpiga gitaa mkubwa kuliko wote katika muziki wa bluzi na roki? Himid anasema ni B.B. King. Mkubwa anasema ni Jimi Hendrix. Wamekuwa wakisema hivyo tangu siku za kanda za kaseti, ambazo Himid alikuwa akizipata kwa mabaharia waliopita bandarini. Hakuna hakimu, hakuna ushahidi mpya, na hakuna aliyewahi kuibadili rai yake.

"Nnakwambia yakhe, King akipiga sauti moja tu, ushaelewa kama kafiwa au kaachwa," anasema Himid.

"Sauti moja hata mimi napiga," anajibu Mkubwa. "Tena gitaa sina."

Ndani ya duka, fundi anasukuma pamba ndani zaidi.

Makungu, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, alirithi kazi hii kwa baba yake, aliyekuwa akitengeneza udi na gambusi za wapigaji wa taarabu. Siku hizi wateja wake wengi ni bendi za mahoteli ya Nungwi na Paje, ambako magitaa hupasuka kwa jua na kuliwa na chumvi. Katika wiki nzuri hupata kazi nne. Katika mvua za masika, watalii wanapopungua, huenda wiki ikapita akinoa patasi ambazo hazijatumika. Kwa kazi hiyo amewalea watoto watano, na sasa anawasomesha wajukuu wawili.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini mtu mwenye majukumu kama hayo asiwafukuze wapiga domo mlangoni pake. Jibu liko katika baraza yenyewe. Baraza ya nyumba ya mjini imejengwa kwa ajili ya apitaye, na aliyekwisha kuketi hainuliwi. Mwenye nyumba anaweza kununa, anaweza kufagia vumbi karibu na miguu ya mgeni wake, lakini kumwambia "ondoka" ni aibu itakayozungumzwa mpaka sokoni Darajani.

"Baba yangu amekufa hajamwinua mtu barazani," anasema fundi. "Mimi nije kuianza fedheha hiyo kwa sababu ya Hendrix?"

Zamani barazani hapo palikuwa na watu watatu. Wa tatu alikuwa Mcha, baharia mstaafu wa meli za mizigo, aliyeishi na mkewe, Bi Riyama, katika ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo. Mcha ndiye peke yake kati yao aliyekuwa na gitaa na aliyejua kulipiga. Alilinunua ugenini katika safari zake, na mwaka jana shingo ya gitaa hilo ilipasuka. Alilikabidhi kwa Makungu, akamwomba alitengeneze ili ampe binti yake, Khairat, ambaye alikuwa amemfundisha kulipiga. Fundi aliahidi. Kabla ya kazi kuanza Mcha aliugua, akafariki dunia.

Bi Riyama sasa yumo ndani katika eda ya kufiwa na mume, nayo inakwisha mwezi ujao. Ametaka jambo moja tu: siku atakapotoka, gitaa la marehemu liwe zima mikononi mwa binti yake. Ahadi aliyopewa mtu aliye hai huwa nzito mara mbili anapokuwa amekufa, na Makungu hana utani na jambo hilo.

Aliunga shingo kwa gundi, akaibana kwa mbao, akaiacha ikauke. Kilichobaki kilikuwa kile kipande kidogo cha mfupa kinachokaa juu ya shingo, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi. Minene upande mmoja, myembamba upande wa pili. Fundi alikuwa na mfupa wa ngamia alioachiwa na baba yake, mkavu na mgumu, ambao kwa miaka mingi alikuwa akiuweka kwa kazi inayostahili. Aliona kwamba kazi hiyo imefika.

Jioni alipokuwa akiuchonga mfupa huo, Himid na Mkubwa walikuwa barazani wakizungumzia mkono wa kushoto. Mkubwa alikuwa akieleza, kwa mara isiyojulikana ya ngapi, kwamba Hendrix alipiga kwa mashoto. Kwamba alilichukua gitaa la watu wa kulia, akaligeuza juu chini, akazipanga nyuzi upya. Himid alijibu kuwa kugeuza kitu juu chini si ufundi, hata kikombe hugeuzwa. Mkubwa aliingia dukani bila ya hodi, akalichukua gitaa jengine ukutani, akaligeuza na kusimama nalo mbele ya meza ya fundi ili aonyeshe.

"Tazama, Fundi. Nyuzi nene zitakuja huku. Huku, huku."

Fundi hakutaka kutazama. Hata hivyo alikuwa na macho, na tupa ilikuwa mkononi. Alipomaliza na kuuweka mfupa mahali pake, aliona kwamba amechonga mifereji minene upande wa nyuzi nyembamba. Alikuwa amelifanya la mashoto gitaa la marehemu ambaye katika uhai wake wote alipiga kwa mkono wa kulia. Mfupa wa ngamia haukuwa na mbadala. Mfereji ukishachimbwa haufukiki.

"Sikumtukana Mkubwa," anasema Makungu. "Nilitaka. Nilimtazama, naye akaniuliza kama nimekubali sasa kwamba Hendrix ni mkubwa."

Kesho yake alifanya jambo ambalo, kwa maelezo yake, lilimjia ghafla na lilionekana halina ubaya. Himid na Mkubwa walipofika aliwapokea kwa heshima, akawaeleza taratibu kwamba juu ya vichwa vyao yupo mjane katika eda, kwamba dirisha lake linatazama baraza hiyo, na kwamba watu wazima wenye kufunga na kusali kupigiana kelele za magitaa chini ya dirisha kama hilo ni jambo la kutazamwa upya. Hakusema "ondokeni".

Waliinuka wenyewe. Himid alikunja gazeti lake. Mkubwa aliomba radhi kwa sauti ndogo, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Kuanzia siku hiyo walihamia bustani ya Forodhani, ufukweni.

Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, fundi alifanya kazi jioni bila ya pamba masikioni. Alinunua mfupa wa ng'ombe kwa mchinjaji, akauchemsha, akauanika juu ya bati, akaanza upya. Aliweza kusikia uzi ukilalamika kabla haujapigwa. Anakiri kwamba alifurahi.

Furaha hiyo haikufika wiki ya pili. Jioni moja Khairat aliteremka, akasimama mlangoni, akamwamkia.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Gitaa bado kidogo."

"Sikuja kwa gitaa. Mama anakuuliza, nani aliyekwambia kwamba yeye anaudhika?"

Khairat aliendelea kufikisha alichotumwa, neno kwa neno, kama alivyoagizwa. Bi Riyama alikuwa ameisikia ile hotuba ya barazani kutoka dirishani kwake, na alishangaa kujisikia akisemewa.

"Anasema, uliyemsemea yuko hai, na ulimi anao."

Kisha binti huyo alieleza lililobaki. Kwa zaidi ya miaka ishirini mama yake alipika chakula cha jioni akimsikiliza mumewe akibishana chini ya dirisha. Baada ya mazishi sauti moja ilipungua, lakini mbili zilibaki, na kwa hizo alijua kuwa alasiri imepita na dunia iko mahali pake. Ziliponyamaza ghafla alikaa siku tatu akiogopa kuuliza, kwa kuwa alidhani amekufa mwengine.

Hapo fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Anasema alijiona mtu mdogo sana. Alikuwa amelitumia jina la mjane kama ufagio, bila ya idhini yake, ili apate raha yeye.

Bi Riyama alikuwa na neno jengine pia. Katika majuma ya mwanzo wa eda alikuwa amewasikia Himid na Mkubwa wakimgombania marehemu. Himid alidai kwamba Mcha, alipokuwa mgonjwa, alimwambia kuwa amekubali: King ndiye wa kwanza. Mkubwa alidai kwamba Mcha aliyasema hayo hayo kwake, lakini juu ya Hendrix. Kumtia marehemu maneno kinywani si adabu, hata kama jambo lenyewe ni dogo, na mjane alitaka upotofu huo urekebishwe.

Ukweli, kwa mujibu wa mkewe, ni kwamba Mcha hakuwa na upande. Kila jioni, kabla ya kuteremka, alikuwa akichungulia dirishani kusikiliza nani anashindwa, kisha akaenda kumtetea huyo. Himid akizidiwa, Mcha alikuwa mtu wa King mpaka magharibi. Mkubwa akizidiwa, Hendrix alipata wakili. Mkewe alipomuuliza sababu, alimjibu kwamba anayeshindwa hurudi nyumbani mapema, na baraza ikavunjika.

Ikawa fundi hana budi kwenda Forodhani mwenyewe. Aliwakuta karibu na meza za wauza pweza, sauti zimepanda, na muuzaji mmoja akiwaomba wasogee kwa sababu wanawatisha wageni. Siku hiyo walikuwa wakimsema mpiga gitaa wa bendi ile ya Uingereza ambayo mwimbaji wake alizaliwa hapa mjini. Mtu mmoja aliyekuwa akipita alikuwa amelipendekeza jina hilo, na wote wawili, kwa mara ya pekee, walikuwa wameungana kumpinga.

"Tunazungumzia magitaa, bwana," Himid alikuwa akimwambia. "Uzawa kaulizie kwa sheha wa mtaa."

Makungu aliwaeleza kila kitu pale pale, ikiwa ni pamoja na kosa lake. Alipofikia habari ya Mcha kuchungulia dirishani, Himid alikunja gazeti lake na Mkubwa akamfuata. Walitembea kurudi Kiponda pamoja na fundi bila ya kusema neno, wakaketi barazani, Himid pembeni na Mkubwa pembeni, wakaacha nafasi ya mtu mmoja katikati.

Kimya hicho hakikudumu. Mkubwa alisema kwamba, kwa hesabu za haki, mtu aliyekuwa akimtetea anayeshindwa alimtetea Himid mara nyingi zaidi, na hilo lenyewe ni ushahidi. Himid alilikataa. Juu, dirisha likafunguliwa.

"Kwa hivyo mimi sasa nimekuwa mtu wa kutoka mpaka Forodhani kuwabembeleza watu waje wanipigie kelele mlangoni pangu," anasema fundi, na uso wake hauna dalili ya mzaha. "Hebu niambie wewe, hii ni kazi gani?"

Amepanga saa zake upya. Kazi zote zinazotaka sikio huzifanya baada ya sala ya alfajiri, kabla ya jua kupanda. Jioni, pamba zikiwamo masikioni, hupiga msasa na kubandika mbao, kazi ambazo macho hutosha. Mkubwa amepigwa marufuku kuvuka kizingiti akiwa na gitaa mkononi, la kulia au la kushoto.

Gitaa la Mcha linaning'inia ndani, mbali na mlango. Mfupa mpya umekaa, na mifereji iko upande inaopaswa kuwa. Siku eda itakapokwisha, Khairat ataketi ndani ya duka, mlango ukiwa wazi, naye atapiga wimbo mmoja ambao baba yake alikuwa akiupenda. Makungu amewaomba Himid na Mkubwa wanyamaze tangu mwanzo wa wimbo huo hadi mwisho wake. Wote wawili wameahidi. Wameahidi, kisha wakabishana kwa muda mrefu kuhusu nani atakayekuwa wa kwanza kuvunja ahadi.

"Sitaki ashinde mtu," anasema fundi. "Wimbo mmoja. Ukishakwisha, na waendelee na upuuzi wao mpaka magharibi. Siku hiyo pamba nitaziacha kikoponi."

Bi Riyama amefikishiwa habari ya ahadi hiyo. Jibu lake, lililoletwa na Khairat, ni kwamba mumewe aliishi na watu hao miaka yote hiyo na hakuwahi kuwapata wakanyamaza kwa kadiri ya wimbo mmoja, na yeye hatarajii. Hata hivyo dirisha ataliacha wazi.