Ndoo Nyekundu na Nyanya za Wifi

Jua bado halijavuka ukuta, na dobi mmoja ameshaanza kusuuza shuka za wateja nyuma ya nyumba yake. Ndoo nyekundu ina maji ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Hayo huishia kwenye karo. Ndoo ya bluu ina maji ya mwisho ya kusuuzia, yasiyo na sabuni tena; hayo ni ya nyanya zake.

Anainua ndoo, kama afanyavyo kila siku. Mara, upande wa pili wa ua wa michongoma, makofi yanalipuka.

"Jamani, bustani kama peponi! Na hutumii dawa ya dukani?" mgeni mmoja anauliza.

"Hata chembe," anajibu wifi yake, dada wa mumewe. "Ni maganda ya jikoni na maji ya kufulia tu. Nimejifunza mwenyewe, polepole."

Dobi anarefusha shingo juu ya ua. Mikono inamwagia nyanya bila macho kutazama. Harufu kali ndiyo inayomzindua: ndoo aliyoishika ni nyekundu.

Leo, siku chache baadaye, amechutama mbele ya tuta lake. Majani yamekuwa meupe kama karatasi.

"Eti amejifunza mwenyewe!" anasema, akivunja kikonyo kikavu. "Mwenyewe na nani?"

Alianza bustani hii kwa sababu kipato cha udobi huliwa siku ile ile kinapopatikana, na mboga za sokoni zilimshinda. Alizunguka kwa majirani akiomba maganda, akayaozesha na majani makavu ndani ya pipa bovu. Viwavi aliwaokota kwa mkono. Wifi yake ndiye aliyembandika jina la Mama Maganda.

"Alinicheka mpaka akashika mbavu," anakumbuka. "Nyanya zilipoiva, kicheko kikakatika. Akaja na kikombe, 'Wifi, nigawie mbegu.' Nikampa. Nikampa na mbolea ya kuanzia, nikamwonyesha kutandaza majani juu ya udongo usikauke."

Mbegu zenyewe alizirithi kwa marehemu mama yake. Kila msimu huchagua tunda lililo bora, akakausha mbegu zake kwa msimu unaofuata. Safari hii alizipanda zote. Sasa zimebaki mahali pamoja tu: kwa wifi, ambaye bustani yake inatazama barabara na kila mpita njia huisifia. Ya dobi imejificha nyuma ya kamba za nguo.

"Ukisema una homa, watu wanakupa pole," anasema kwa sauti ya chini. "Ukisema una wivu, wanakukimbia. Kwa hiyo nanyamaza. Lakini nikisikia akisifiwa, nasugua shuka za watu mpaka karibu zichanike."

Mumewe, fundi viatu, hamsaidii sana. "Umezifua nyanya, mke wangu," anamwambia. "Sasa zianike."

"Cheka tu."

"Nenda ukaombe. Yule ni dada yangu, si simba."

"Simba ningemwendea."

Hata hivyo anajifunga kanga vizuri, anachukua bakuli na kuzunguka ua.

"Karibu, wifi! Mbona leo kwa mlango wa mbele?" mwenyeji wake anampokea kwa uchangamfu. "Chuma, usione haya."

Dobi anatazama nyanya zile, zenye mikunjo mabegani kama za mama yake.

"Zangu zimekufa. Nilizimwagia maji ya dawa ya nguo."

Wifi anaangua kicheko. "Mama Maganda! Umezing'arisha?"

Kaka na dada, utani wao mmoja. Lakini safari hii dobi hacheki, na kicheko cha mwenzake kinaisha peke yake.

"Basi chukua hizi zilizoiva sana," wifi anasema, akiinamia tuta. "Zina mbegu nyingi. Chukua zote ukitaka."

Bakuli halisogei.

"Nakuonea wivu, wifi," dobi anasema. "Si kwa nyanya. Wageni walikuuliza, ukasema umejifunza mwenyewe, na mimi nilikuwa hapo nyuma ya ua nakusikia. Nipe mbegu za mama yangu nianze upya. Na siku wakija tena, niite. Uwaambie ni mimi."