Baridi ya Juu ya Mnazi

Enzi zetu baridi ilikuwa kitu cha kusimuliwa. Nyinyi mliokulia Palma pamoja nami mnalijua joto letu: ukianika samaki asubuhi, adhuhuri unawakuta wamekwisha kujikaanga wenyewe. Kipupwe kikiingia, mama zetu walitufunika kanga wakisema, "Leo baridi mpaka mifupani," na chini ya kanga hiyo hiyo jasho lilikuwa linatutiririka. Barafu hatukuijua. Maji kwetu yalikuwa ya aina mbili tu, ya chumvi na ya kisima.

Tulikuwa watoto wa muhogo wa kuchoma na papa mkavu. Shikola kusoma tulikwenda peku, kaderno moja ya kuandikia tuliigawana watu wawili, mimi naandika mbele, binamu yangu Zainabu anaandika nyuma, tukikutana katikati ndiyo mwaka umekwisha. Tukitoka tunakimbilia ufuko wa Tungue kufukuza kaa, na magoti yetu hayakupata kupona tangu tulipojua kutembea. Njaa ikituuma, tunaingia kwa Babu Selemani.

Babu Selemani alikuwa kaka wa bibi yetu. Ujanani alivuka mto wa mpaka, Ruvuma, kwenda kukata mkonge, akapanda kaskazini mpaka Moshi, na huko akawa mchukuzi wa mizigo ya Wazungu wanaopanda Mlima Kilimanjaro. Alirudi Palma na vitu viwili: kofia nzito ya sufu na hadithi. Kofia aliivaa hata saa saba mchana, jua limekaa utosini, na mbuzi wote wa mtaa wanahema kivulini. Hadithi alitugawia pamoja na muhogo.

"Kule juu," alituambia, "mchana ni kiangazi, usiku ni kipupwe. Kila siku ya Mungu, mwaka mzima. Kinywa chako kinatoa moshi na sigara huna."

Alitueleza kuna miti inayozidi nyumba kwa urefu, na jani lake likifa halianguki. Linabaki limening'inia shinani, jani juu ya jani, mpaka mti unavaa blanketi la majani yake mwenyewe. Jua likizama, majani mabichi ya kileleni yanajikunja pamoja kama kiganja kinachofumbata yai. Kuna mmea mwingine umesimama kama mnara wa msikiti, umeteka maji katikati ya majani yake. Usiku maji yale hufunga kifuniko kigumu juu, na kitumba cha jani kimelala chini yake salama. Ndege mdogo wa kijani, mkia mrefu, anang'aa kama amepakwa mafuta, huja kunywa katika maua yake. Kunguru wa huko wana kola nyeupe shingoni na wanafungua mifuko ya watu kushinda makarani wa forodha. Ardhi yenyewe usiku huota sindano za maji, zikainua udongo, asubuhi ukikanyaga unasikia kama umekanyaga sukari.

"Maji yanakuwa jiwe?" Zainabu alimuuliza.

"Jiwe. Unaligonga, linalia."

"Kwa nini kule tu, na hapa siyo?"

Babu akanyoosha kidole juu. "Kwa sababu kule ni juu. Ukipanda, baridi inazidi."

Basi kosa langu lilianzia hapo. Kama ni suala la kupanda, niliwaza, na sisi tuna pa kupanda. Mnazi wa bibi ulikuwa mrefu kuliko yote ya pwani ile. Ukifika juu unaiona Mtwara, na ukikaza macho unaiona Makka. Jioni moja nikaupanda na kopo la maziwa lililojaa maji, nikalifunga kwa kamba kwenye makuti. Zainabu yuko chini ananisimamia, ananipigia kelele, "Musa, jaza vizuri, tunataka jiwe kubwa!" Sikupata kusikia, wala sitasikia, kwamba kuna watoto wengine duniani waliopanda mnazi kwenda kutega baridi.

Asubuhi nikapanda tena. Maji yalikuwa na uvuguvugu, na sisimizi wawili wamekufa ndani.

Ilikuwa Ijumaa. Ningeweza kuyamwaga. Badala yake nilingoja watu watoke kuswali, wakae kwenye baraza ya msikiti kama kawaida yao, nikapita katikati ya wazee na kopo langu, nikasimama mbele ya Babu Selemani.

"Babu, jiwe lako hili hapa. Limelala juu usiku kucha. Ligonge, lilie."

Baraza zima likaangua kicheko. Mimi nikavimba kichwa, nikaongeza neno ambalo mtoto wa kwetu halisemi mbele ya mkubwa.

"Muongo."

Babu alilipokea kopo kwa mikono miwili. Akawatoa wale sisimizi kwa kidole, mmoja mmoja, akanywa maji yote. Kisha akasema, taratibu, "Mnazi si mlima, mjukuu wangu." Akainuka, akaenda zake.

Tangu siku ile kofia hakuivaa tena. Muhogo tulipata, hadithi hatukupata. Tukimuuliza habari za mlima anasema amesahau.

Wenzangu mnakumbuka desturi yetu mwezi wa Ramadhani unapokaribia. Watoto tulikuwa tunapita nyumba kwa nyumba, tunabusu mikono ya wakubwa, "Niwie radhi, mwezi unaingia," na mkubwa naye anakuomba radhi yako, wewe mwenye kamasi puani. Hakuna aliyefunga na kinyongo. Mwaka ule nilipita nyumba zote isipokuwa moja. Zainabu aliingia, mimi nikazungukia nyuma. Alipotoka akaniambia, "Babu anasema anakungoja."

"Mimi sina kosa," nikamjibu. "Aliyesema uongo ni yeye."

Mvua kubwa za mwaka ule zilimchukua. Siku ya mazishi imamu aliuliza, "Mnamshuhudiaje huyu?" Watu wote wakajibu, "Mtu mwema." Mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Baadaye bibi akaniita, akanipa ile kofia ya sufu. Ndani yake mlikuwa na tawi la maua madogo meupe, makavu, yanachakarika kama karatasi. "Amesema ni ya mwenye kopo," bibi aliniambia. "Amesema maua haya yameota karibu na jiwe la maji, na hayanyauki." Nikadhani ni maua bandia ya karatasi. Nikayaweka tu, kwa sababu ya mkono ulioyatoa.

Miaka ilikwenda. Vita vilipotutoa Palma, mke wangu alijitwika sufuria na mjukuu, mimi nikashika kofia na yale maua ndani yake. Njia nzima ananisema, "Mwanaume mzima, nyumba inaachwa, wewe unaokoa majani makavu!" Tulifika uwanda wa juu, Mueda, na huko, asubuhi moja ya mwezi wa saba yenye ukungu, nilitoka nje kuswaki nikaona moshi. Nikageuka kutafuta moto. Hapakuwa na moto. Ulikuwa unatoka kinywani mwangu.

Nilikaa chini pale pale, mswaki mkononi.

Huko ndiko nilikoingia masomo ya jioni ya watu wazima, mimi na mvi zangu, mwalimu wetu kijana wa Kimakonde ambaye ningeweza kumzaa mara mbili. Siku ya jiografia akafungua kitabu. Nikauona mti umevaa blanketi la majani yake. Ukurasa wa pili, mnara wenye maji, na ndege wa kijani juu yake. Pembeni, ua jeupe kavu. Lile lile.

"Mzee Musa, mbona umesimama?" mwalimu akauliza.

"Huu mti usiku unafumba majani," nikamwambia.

"Kweli kabisa. Ulisoma wapi?"

Nikakaa, nikauvuta ukurasa ule karibu na macho.

Tuliporudi Palma, Ijumaa ya kwanza nilikwenda kwenye baraza ile. Katika wazee wa siku ile alibaki Mzee Bakari peke yake, macho hayaoni vizuri. Nikamwekea ua kiganjani, nikamweleza kila kitu, mbele ya waliokuwepo nikasema Babu Selemani hakuwa muongo, muongo nilikuwa mimi.

Mzee Bakari alilipapasa ua, kisha akacheka kidogo. "Musa, mwanangu, kwani ulidhani tulimcheka yeye? Tulikucheka wewe! Mtoto kapanda mnazi kufuata baridi! Selemani sisi tulimwamini. Baba yangu alifanya kazi naye huko huko Moshi."

"Sasa mbona aliacha kusimulia?"

Mzee akanirudishia ua langu. "Alikuwa anakusimulia wewe."

Siku hizi vijana wetu wameiona theluji yote ya dunia, imo mfukoni, wanaipangusa kwa kidole gumba. Hawahitaji kupanda mnazi, na wangepanda wangeita pikipiki iwapeleke. Majuzi nilimweleza mjukuu wangu Amina habari za mlima ule mweupe. Akafungua simu, akanionyesha picha mpya: kilele cha kahawia, vipande viwili vitatu vya weupe vimebaki kama shuka iliyochanika. Wanasema na hivyo vinakwisha.

"Babu, weupe gani huo? Muongo wewe!" Akacheka. Nami nikacheka, kwa mdomo.

Mwezi wa Ramadhani ulipokaribia, simu yangu ikalia. Amina, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, amenitumia picha ya mwezi na waridi, na chini yake, "Niwie radhi, Babu." Ameituma kwa watu wote kwa mpigo mmoja.

Nilimwita Zainabu, ambaye sasa ni bibi mwenye fimbo, nikamwomba apite kwa mtoto.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie namngoja."

Nikaivaa ile kofia ya sufu, jasho na litoke, nikaweka muhogo jikoni, na mlango nikauacha wazi.