Siku Yetu ya Iringa Bila Mawe

Ratiba ya safari ilitumwa Jumatano jioni kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Niliisoma kwa sauti jikoni, wanangu wawili wakiwa wanakula. Tungetoka Mbalizi Ijumaa, tulale Iringa kwa waumini wenzetu wa Kihesa, Jumamosi tushinde palepale, na saa tisa alasiri basi la kukodi liendelee na sisi hadi Morogoro kwenye mkutano wa kwaya. Mambo ya Jumamosi yaliandikwa mistari miwili tu. Asubuhi Isimila, kuona zana za mawe za watu wa kale. Mchana Kalenga, kuona makumbusho ya chifu.

Binti yangu, aliyekuwa kidato cha kwanza, aliweka kijiko chini.

"Isimila tena, mama? Lile jiwe linalofanana na shoka, nikikutana nalo njiani litaniamkia."

Kaka yake wa kidato cha tatu hakucheka. "Mimi nabaki ndani ya basi. Nitalala mpaka saa tisa." Kisha akaongeza, macho yakiwa kwenye sahani, "Na likizo ya Desemba nakwenda Tunduma kwa baba mdogo. Likizo yote. Safari za mawe basi."

Niliondoa vyombo. Lakini neno lile la likizo yote halikuondoka.

Baba yao alikuwa mwalimu wa historia. Alifariki mwaka jana wakati wa mvua, baada ya kuugua muda mfupi. Likizo zote za nyumba yetu zilikuwa zake. Majirani waliwapeleka watoto wao kwa bibi kuvuna mahindi. Sisi tulikwenda kutazama vitu vilivyovunjika. Tulikwenda Mbozi kukiona kimondo, tukaenda Kalenga, tukaenda Isimila mpaka mlinzi wa pale akatuzoea. Mwaka mmoja baba yao alidunduliza mpaka akatufikisha kwenye magofu ya Kilwa, kisiwani. Binti akamwuliza paa la jumba moja la pale liko wapi, naye akasema, "Paa unalijenga mwenyewe kichwani, ndiyo utamu wake." Alikuwa na tabia ya kuinama, kunyoosha kiganja juu ya kitu kama anakiota moto, na kusema, "Tazameni hapa." Tulitazama. Yeye ndiye aliyepanga, akauliza njia, akaongea na walinzi. Kazi yangu ilikuwa chakula na maji ya kunywa.

Kwa hiyo usiku wa Jumatano nilikuwa na jambo moja la kuogopa, na nalisema kama lilivyo. Sikuogopa kwamba watoto hawataona mawe. Niliogopa kwamba sisi watatu tulikuwa tumebaki kuwa familia kwa sababu ya safari za mtu ambaye hayupo, na kijana ameshaona mlango wa kutokea. Kama Jumamosi ile ingemchosha, Tunduma ingemchukua, na likizo inayofuata ingemchukua tena, na mimi ningebaki kumwona kwenye picha za simu.

Ila mimi si mtu wa kukaa na hofu muda mrefu. Nauza mchele sokoni Mbalizi. Mchele ukichelewa Kyela nautafuta Usangu, na wateja wangu hawajawahi kukuta meza tupu. Nikajiambia, siku moja ya Iringa inanishinda nini?

Kesho yake jioni niliwaita.

"Niambieni ukweli. Mlichoka lini na mawe?"

Walitazamana. Binti ndiye aliyejibu. "Zamani, mama. Hata baba akiwepo. Alikuwa anajua. Tulimtania, akacheka."

"Kwa hiyo si kwa sababu hayupo?"

"Hapana," kijana alisema. "Ni kwa sababu ni mawe."

Nilifarijika kuliko nilivyotegemea. Miezi yote nilidhani wanakimbia kumbukumbu. Kumbe walikuwa wanakimbia jua la Isimila.

"Basi na mimi niwaambie wangu," nikasema. "Mimi pia nilichoka. Kilwa nilichoka kabla hatujashuka kwenye chombo."

"Mama!" Binti aliziba mdomo. "Wewe uliyekuwa unasema, hee, baba fulani, kweli watu wa kale walikuwa na akili!"

"Nilisema."

"Ulikuwa unaigiza?"

"Sikuwa naigiza. Nilipenda kumsikiliza baba yenu. Mawe yalikuwa yake, mimi nilikuwa na yeye."

Kijana akaanza kucheka, na dada yake akafuata, na mimi nikafuata. Tulicheka mpaka jirani akaita kupitia dirishani kuuliza kuna habari gani njema.

Baada ya hapo kupanga kulikuwa rahisi. Nilisema kila mmoja achague kitu kimoja, na mwenye zamu asiharakishwe. Binti alitaka soko la Mlandege, achague viatu mwenyewe bila mtu kumwambia vipi vitadumu. Kijana alisema hakuna anachotaka Iringa mjini.

"Nje ya mji?"

Akasitasita. "Kitonga," alisema. "Nataka kuona malori yanavyoshuka mlima Kitonga. Halafu pale Ruaha Mbuyuni yanaposimama."

"Si tutapita hapo na basi?" dada yake akauliza.

"Tutapita mbio, mtakuwa mnaimba. Nataka kukaa nione."

Nilifikiria kidogo. Kutoka Iringa hadi Ruaha Mbuyuni na kurudi kabla ya saa tisa kungetukata pumzi. Lakini kwa nini turudi? Barabara ya Morogoro ni hiyohiyo. Basi letu lazima lipite Ruaha Mbuyuni, litake lisitake.

"Na wewe mama?" binti akauliza. "Unataka nini?"

Swali hilo sikuwahi kuulizwa kwenye safari yoyote, na jibu lilitoka lenyewe. "Nataka kukaa kwenye kiti, niletewe chakula ambacho sikukipika."

Mzee wa kanisa aliyesimamia safari hakupendezwa. Nilimfuata Ijumaa asubuhi kabla hatujapanda.

"Mama yangu, kundi ni kundi," alisema. "Na marehemu angefurahi sana mkienda Isimila."

"Angefurahi kweli, mzee. Lakini hatakuwepo. Watakuwepo hawa wawili."

Alishika kidevu, akatazama pembeni. Aliyenisaidia ni dereva, kijana aliyekuwa anakagua tairi karibu yetu.

"Shikamoo mama. Mimi Ruaha Mbuyuni nitapita tu. Kaeni upande wa kushoto, kwenye meza za vitunguu. Nikipiga honi muwe mmeshasimama. Msije mkaniambia mnamalizia soda."

"Marahaba. Hatutakunywa soda."

"Haya," mzee akasema. "Lakini mkiachwa, msiseme kwaya imewaacha."

Kwenye basi watoto walikaa pamoja, na kiti cha pembeni yangu kilipata mwanakwaya wa sauti ya nne, mtu mwenye mabega mapana aliyelala kuanzia Uyole. Nilishukuru. Kiti kitupu kingenisumbua zaidi.

Jumamosi ilianza na baridi. Mwenyeji wetu wa Kihesa alitusalimia kwa Kihehe, "Kamwene," na kutupa uji wa moto, kisha akashangaa kusikia hatuendi Isimila. "Wageni wote huenda," alisema. Nikamwambia sisi si wageni tena pale, akacheka.

Sokoni Mlandege binti yangu alijaribu viatu kwa muda mrefu kiasi kwamba muuzaji alimletea kigoda. Aliinama, akanusa soli, akatembea hatua chache, akarudi. Mimi niliona mapema jozi nzuri ya ngozi nyeusi ambayo ingefaa hata shuleni. Nilikaza midomo. Kaka yake aliegemea nguzo, akapiga miayo wazi kabisa, ila hakusema kitu, maana hayo ndiyo yalikuwa makubaliano. Mwishowe dada alichagua raba nyeupe. Nyeupe, mtu anayeishi Mbalizi, kwenye vumbi lile!

"Sema tu, mama," alinichokoza.

"Sina neno."

"Macho yanasema."

"Macho hayakuahidi chochote."

Zamu yangu ilikuwa mkahawa mdogo wa familia ya Kihindi, karibu na soko kuu. Mwenyewe alikuwa mama mzee aliyevaa sari na sweta nene juu yake. Aliniuliza nitakula nini.

"Chochote ambacho sikukipika mimi."

Alicheka mpaka miwani ikateleza. "Mama, hata mimi natamani hichohicho. Miaka yote niko jikoni hapa." Akaleta bajia, chapati na chai ya maziwa yenye tangawizi kali, na akanikataza kunyanyua sahani tulipomaliza. Tangu msiba nilikuwa nimepikia watu wengi sana. Nilikaa pale, mikono mapajani, nikatazama mtu mwingine akifuta meza. Niliona haya kidogo, kisha haya ikaisha. Watoto walikuwa wakibishana kuhusu bajia ya mwisho. Nikaila mimi.

Kabla ya saa sita tulipata Coaster iendayo Ruaha Mbuyuni. Kijana alimwomba kondakta kiti cha mbele, akapewa, sisi tukakaa nyuma yake. Tulipoanza kuuteremka Kitonga, mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, tulijikuta nyuma ya lori refu lenye tela, likishuka polepole. Dereva wetu alisonya. Kijana wangu alifurahi kama amealikwa harusini.

"Sikilizeni," alisema akigeuka. "Sikilizeni huo mlio. Hakanyagi breki. Ameingiza gia ndogo huko juu, injini ndiyo inamshikilia. Angekanyaga breki muda wote, zingepata moto, zingekataa. Mtu asiyejua anadhani anachelewesha watu. Huyu ni fundi."

"Umejuaje?" nikauliza.

"Baba mdogo alinifundisha kwenye simu. Gerejini kwake yanaingia hayahaya. Lakini sijawahi kuyaona yakishuka."

Ruaha Mbuyuni joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Tuliweka masweta begini. Malori yalikuwa yamejipanga kando ya barabara, yanayopanda yakijiandaa, yaliyoshuka yakipumzika, na kina mama wa vitunguu na nyanya wakiyazunguka. Kijana alitutembeza kutoka lori moja hadi jingine. Aliwasalimia madereva kwa adabu, akauliza maswali, nao wakamjibu kama mtu mzima. Mmoja alimruhusu asogee karibu na gurudumu. Akainama. Akanyoosha kiganja karibu na chuma bila kukigusa, kupima joto.

"Tazameni hapa," alisema.

Binti yangu alinishika mkono. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, tumekwisha. Tumepata mwingine."

Tulicheka, naye akageuka kuuliza tunacheka nini. Dada yake akamwambia, "Endelea, mwalimu." Hakuelewa, akaendelea. Alieleza mabomba ya upepo, mnyororo wa tela, na kwa nini tairi za nyuma huisha upande mmoja. Sikuelewa hata robo yake. Jua lilikuwa linanichoma kichwani na miguu ilivimba. Nilisimama nikasikiliza kila neno, na nilikuwa na furaha, na kwa muda mfupi nililia pia, bila kelele, nikijifanya ni jasho. Hakuna aliyeniuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa Tunduma. Nilikuwa nimehesabu kwamba ananikimbia mimi na ukimya wa nyumba. Labda kidogo ni kweli, sikumwuliza. Lakini zaidi alikuwa anakwenda kwenye kitu, kama baba yake alivyokuwa akienda kwenye vitu vyake, na mtu anayekwenda hivyo humzuii. Ama unabaki nyumbani, ama unabeba maji ya kunywa ufuatane naye.

Basi lilichelewa. Tulikuwa tumesimama kwenye meza za vitunguu tangu jua lilipoanza kupoa, na binti akawa anasema wametusahau. Nilimpigia dereva, simu haikupatikana. Sikuwa na wasiwasi. Barabara ni moja. Mama muuza vitunguu alituletea ndoo zilizopinduliwa tukakalia.

Nikamwambia kijana, "Desemba nenda Tunduma."

Alinitazama kwa mashaka. "Likizo yote?"

"Yote. Lakini katikati yake sisi tutakuja siku chache. Wewe ndiye utakayepanga. Utatuonyesha gereji, na hayo malori ya mpakani."

"Mtachoka, mama."

"Tutachoka."

"Yaani kuna foleni, vumbi, joto la injini. Dada na hizo raba zake..."

"Raba zangu zinakuhusu nini?" dada yake akadakia. "Nitakuja nazo hivyohivyo."

Kijana alicheka, akatazama barabarani upande wa mlima. Baadaye akatoa simu akaanza kuandika. Nilimwuliza anamwandikia nani.

"Baba mdogo. Namwuliza kama ana chumba cha watu wawili."

Honi ililia kutoka kwenye kona, mara moja ndefu. Tulikuwa tumeshasimama.