Puri za Bibi na Marahaba ya Jirani

Juzi basi liliposimama Dumila nilinunua puri dirishani kwa binti mmoja, nikauma mara moja, nikaitema. Ngumu, bapa, inanuka mafuta yaliyokaangiwa samaki. Wewe uliyezoea hizi za siku hizi utasema nina maringo. Sina maringo, rafiki yangu, nina hasira, na hasira yenyewe ni ya zamani.

Nililelewa na bibi yangu Kilosa, miaka ile ya ruksa, unga wa ngano uliporudi madukani na watu wakaacha kuupangia foleni. Bibi alikuwa amepika miaka mingi nyumbani kwa Mhindi mmoja mwenye duka, na huko ndiko alikojifunza mkate ambao wenyewe wanauita batura. Sisi tuliuita puri, basi. Ila puri ya Bibi ilivimba ikajaa hewa, ukiitoboa mvuke unakupiga usoni. Siri ilikuwa mtindi. Aliununua kwa mama wa Kimasai aliyepita na kibuyu, ule wenye harufu ya moshi, nami nikamsaidia kukandia unga jioni na kuulaza chini ya kitambaa. Asubuhi alikaanga, akibonyeza kila mkate kwa mgongo wa kijiko hadi unyanyuke. Akizipeleka stesheni, abiria wa treni walimtafuta yeye tu.

Jirani yetu naye alikaanga, na zake zililala. Mwanamke yule nilimchukia, na namchukia hata sasa akiwa kaburini. Alitangaza kisimani kwamba Bibi anatia dawa kwenye unga. Hata hivyo Bibi alinibana mimi: mkubwa ni mkubwa, utamwamkia. Kila asubuhi nikapita uani kwake, "Shikamoo," naye akatazama pembeni kama amesikia kuku. Mwaka mzima sikuitikiwa. Iliniuma mno.

Siku moja akaitikia. "Marahaba, mwanangu. Hujambo? Bibi mzima?" Akanikalisha mkekani, akanipa kipande cha muwa. "Hivi bibi yako anatia nini mle hata zinavimba vile?"

Nikasema yote. Mtindi, kibuyu, kitambaa, hata kijiko.

Wiki hiyohiyo mama wa Kimasai alifika kwetu na kibuyu kitupu. Jirani alikuwa amemsubiri njiani akanunua mtindi wote. Bibi akakanda kwa maji, zikalala. Stesheni akamkuta jirani ametangulia na beseni la puri zilizovimba, akarudi nyumbani na zake zote. Nilipokiri hakunipiga. Aliniuliza tu, "Ulimpa kwa marahaba moja?"

Tangu hapo alikanda unga amefunga mlango, nami nikakaa nje nikisikia viganja vyake. Na jirani? Kesho yake nilimwamkia tena. Akatazama pembeni.

Wote wawili wamekwenda, na puri ile imekwenda nao. Sijaionja tena popote, na ninayejua ilivyokandwa nadhani nimebaki mimi.

Yule binti wa Dumila alikuwa ameniamkia vizuri, nami nikamwitikia vizuri. Aliponiona natema akasogea dirishani, amenywea. "Mama, samahani. Kwani nakosea wapi?"

Neno mtindi lilikuwa tayari mdomoni. Nikafunga dirisha.