Kuku wa Timu ya Basiketi

Mimi nauza samaki wanaotoka ziwani Kasenyi katika soko la Mudzipela, hapa Bunia, na ninajua kuuza. Lakini Jumamosi ile niliposimama mlangoni pa uwanja kuuza tiketi za basiketi, haki ya Mungu, kuuza samaki aliyeanza kunuka kungekuwa rahisi zaidi! Watu wa Bunia wanaupenda mchezo huo mpaka sauti zinawakauka. Waambie tu walipe, kila mmoja anageuka kuwa ndugu wa mchezaji. Huyu ni shemeji, yule alibatizwa pamoja naye, mwingine alimsukumia pikipiki mwaka fulani.

Ndugu wa kweli nilikuwa mimi. Mdogo wangu, mrefu kuliko wote nyumbani kwetu, ndiye aliyekuwa akicheza chini ya kikapu katika timu ya mji. Wiki hiyo timu moja ya Uganda ilimwita: njoo, utalipwa, utalala vizuri, utakula. Walitaka jibu Jumapili. Akaniambia wazi mimi dada yake mkubwa, "Yaya, mimi sitaki kuenda. Lakini siwezi kucheza na njaa mpaka uzee."

Tulipokimbia vita kutoka Djugu, mama aliacha nyumba, aliacha shamba, aliacha kaburi la baba yetu. Alibaki na sisi wawili tu. Wiki nzima alipika bila kuonja, chumvi ikawa leo nyingi, kesho hakuna, nasi tukala hivyohivyo.

Tumaini letu lilikuwa kwa mfanyabiashara mmoja wa mabati. Alikuwa amewaambia wachezaji kwamba mji ukionyesha kuwa unaweza kuwabeba watoto wake, kuwalisha na kuwalipa kidogo, yeye atalipia safari zote za sezoni, yaani msimu mzima wa mechi. Alisema hivyo huku akicheka. "Muji hii? Hapa watu wanashangilia bure, kisha wanaenda kulala." Jumamosi tungecheza na timu ya Mahagi, naye angekuja kujionea.

Basi akaja, akawekewa kiti kivulini, na alichokiona ni ukuta uliojaa watu. Juu ya ukuta! Walikaa pale wamening'iniza miguu, na mimi mlangoni na tiketi zangu kama mjinga. Hasira zilinipanda. Nilimwaza mdogo wangu akifunga begi la kwenda Uganda, niliwaza juu ya mama, nikaanza kuwatukana wale wa ukutani mmoja mmoja, na wengi nilijua wanakokaa.

Dereva mmoja wa pikipiki akanijibu kutoka juu, "Mama samaki, pesa sina! Kwetu iko muhogo tu!"

Ukuta mzima ukacheka.

"Basi leta muhogo!" nikapiga kelele. "Leta hata majani yake! Lakini hapo juu utashuka leo, ama nakushusha miye!"

Alishuka, akawasha pikipiki, akaenda. Nikasema, huyo amekimbia. Aka! Mchezo haujaanza bado, nikamwona anarudi na gunia la muhogo limefungwa nyuma. Alilitua miguuni pangu, akajipangusa vumbi, akaingia mlangoni kama mtu aliyelipa. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kila mtu pale alikuwa ameshaelewa. Kanisani kwetu, Wakatoliki na Waprotestanti sawasawa, siku ya mavuno hakuna anayeuziwa tiketi. Unaleta kile ambacho shamba limekupa, unakiweka mbele, na baada ya ibada vitu vinauzwa kwa mnada uwanjani pa kanisa. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo tangu utoto, na sikuwa nimefikiri kwamba mpira nao unaweza kulishwa hivyo. Wamama wa nyumba za jirani wakaanza kuja na maharage, ndizi, mayai ndani ya sahani. Mmoja akaleta kuku mwekundu amefungwa miguu. Refa aliniuliza kama hii ni mechi ama ni soko. Nikamwambia apulize filimbi yake.

Kufika mapumziko, Mahagi walikuwa mbele yetu. Mdogo wangu, jasho likimtiririka, akamshika kuku na kumwinua juu kabisa, watu wote wakamwona. "Kuku hii, nani ananunua?"

Mtu wa mabati akainua kidole, kwa kicheko chake kilekile. Dereva wa lori lililowaleta wageni akapandisha bei. Kicheko kikakatika. Kushindwa na mgeni, nyumbani, mbele ya watu wanaonunua mabati yako? Muzee wa mabati akapandisha, dereva naye akapandisha, wakaendelea hivyo mpaka dereva akainua mikono kukubali ameshindwa na kuku akawa wa muzee. Na kwa desturi ya mnada wetu, mtu wa heshima analipa lakini haendi nyumbani na kuku wake. Alisimama, akatengeneza koti.

"Narudisha. Iuzwe tena!"

Yoo, makelele yaliyotoka pale! Kuku akauzwa tena, wachezaji wa Mahagi wakachangishana wakamnunua, nao wakarudisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Akauzwa na kurudishwa, akauzwa na kurudishwa, mpaka refa akakasirika akapuliza filimbi.

Tulishindwa kwa kikapu kimoja. Mtu wa mabati akaja akalitazama lile lundo la vyakula. "Hii ni ya leo," akasema. "Na Jumamosi ingine?"

"Muzee," nikamjibu, maana hasira zangu hazikuwa zimeisha, "kanisa inaishi kwa siku moja ya mavuno? Hapana. Inahangaika mwaka muzima. Lakini padri umeona amehama?"

Akacheka, safari hii kwa kweli. "Sezoni moja," akasema, akanipa mkono.

Je, mji kama wetu unaweza kuwa na timu inayolipa wachezaji wake? Leo bado watu wanabishana sokoni. Malipo ni madogo, mwezi mwingine yanachelewa, na barabara ikifungwa tunacheza sisi kwa sisi. Lakini wachezaji wanakula, na ukutani hapandi mtu.

Jumapili mdogo wangu alipiga simu Uganda, akawashukuru, akasema anabaki. Mama alikuwa jikoni. Alisikia, akaendelea kupepeta mchele.

Jumatatu asubuhi akampima kijana kwa kamba, kichwa mpaka kisigino, akanichukua twende naye kwa fundi seremala. Tangu tulipokimbia Djugu tulilala juu ya vitu vyepesi, na miguu ya mdogo wangu ililala nje ya kitanda, juu ya kigoda. Mama hakutaka kununua kitu kisichobebeka kichwani. Sasa, kwa kitanda kipya cha kijana, akachagua mbao nene kuliko zote.

Fundi alimwonea huruma. "Mama, hii iko nzito sana. Siku ya kuhama mutaibeba namna gani?"

"Hatuhami," mama akasema, akampa kamba.